Kipi Kitangulie

Nimerudi kutoka JKT na nyayo zilizokomaa.
Chuo cha udaktari kinafunguliwa Novemba.
Hapo katikati nina wiki kumi na moja
na kozi sita za afya ya jamii, za mtandaoni, za bure.
Nimeziorodhesha nyuma ya kalenda ya mbolea
kwa penseli, maana najijua.

Takwimu. Epidemiolojia. Maji na usafi wa mazingira.
Lishe ya mama na mtoto. Mifumo ya afya.
Na ya sita: Kuzungumza na Jamii.
Hiyo niliicheka.
Mtoto wa Tukuyu, niliyefundishwa kupiga magoti na kusema ndaga
kabla sijajua kufunga vifungo,
nikasomeshwe kusalimia?

Kaka Ambakisye anasema anza na ngumu,
kama kupandisha ndizi mlimani:
mkungu mkubwa asubuhi, nguvu zingalipo.
Nikaweka takwimu juu.

Nesi Tusekile wa zahanati akasema anza na maji.
"Nusu ya ninayoyaandika kwenye rejista
yameingia kwa kikombe."
Nikafuta. Maji juu, takwimu chini,
lishe ikabaki inaning'inia pembeni na mshale.
Karatasi ikaanza kuota manyoya.

Baba hakusema kitu kuhusu kozi.
Aliuliza tu kwa nini binti anatoka saa sita usiku
amejifunga blanketi, anaelekea kwenye chai.
Baba, mtandao unakaa kule,
kwenye jiwe la mpakani na shamba la Mwaisumo,
na kifurushi cha usiku ndicho ninachokimudu.
Akanipa tochi. Sidhani kama aliniamini.

Jumamosi nilikaa na mama, tunachambua maharage.
Akataka kujua hilo neno refu, epidemiolojia.
Nikasema ni elimu ya kuuliza:
nani anaumwa, wapi, tangu lini,
na mwenzake wa jirani mbona mzima.
"Kwani kuna watu hawaulizi hivyo?"
Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo,
akanihesabia mwaka ule wa kuhara:
kwa Mwaisumo wawili, wote wa kisima cha chini.
Kwa Tupokigwe mmoja, ila yeye alichelewa kufikishwa.
Kwa mwalimu hakuna, walikuwa wanachemsha.
Kwa Gwakisa wawili, mmoja akapona.
Nyumba kwa nyumba, kufuata njia ya maji,
akateremka mpaka mtoni,
akapandia upande wa pili,
akafika kwetu
akaruka.

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje.
"Kwa Anyandwile hakuna," akaendelea.

Mimi nilikuwa na miaka mitano.
Namkumbuka Lusajo kwa kofia tu,
ya sufi, ya njano, ameivuta mpaka machoni.
Sikuuliza. Sikujua kuuliza.
Miaka kumi na mitatu ya shule, alama za kuingia udaktari,
na sikuwa na sentensi moja
ya kumwambia mwanamke mwenye ungo mapajani.

Usiku ule nikachukua kifutio.
Ya sita ikapanda juu, peke yake.
Zile tano nikaziacha zigombane.

Nimeimaliza wiki iliyopita. Haikunifundisha hiyo sentensi.
Ilinifundisha kukaa kimya kwa muda mrefu zaidi,
jambo ambalo mama alikuwa analijua.

Sasa niko kwenye takwimu, somo la pili,
saa nane usiku, jiwe lina umande,
simu imebakiza asilimia tisa.
Mwalimu, sijui yuko nchi gani kwenye jua,
anaonyesha jedwali lenye kisanduku kitupu.
Anasema msikijaze kwa kubahatisha.
Anasema na msikifute.
Ulizeni kwanza
kwa nini kiko wazi.

Nikazima.
Huko chini nyumbani moshi umeshaanza kutoka jikoni,
mapema mno kwa chai ya mtu yeyote.
Natelemka taratibu, sijawasha tochi.